Maji ya Betri za Mjomba Ntandu

Nyumbani, Jumanne alasiri

Mwanangu Yosia,

Salamu sikuandikii. Jana alfajiri ulipopanda baiskeli kwenda Sepuka kumuaga shangazi yako uliniamkia nikakuitikia, na leo jioni ukirudi utaniamkia tena. Inatosha. Namjua shangazi yako, hatakuachia mapema. Atakukamatia jogoo, atakufungia asali, atalia kidogo, kisha atakukumbusha kwamba yeye ndiye aliyekubeba mgongoni ulipougua surua. Kwa hiyo nimepata saa mbili tatu za kukaa peke yangu kwenye meza ya zahanati. Wagonjwa wamekwisha, sista amekwenda kwenye maombi, na karatasi hizi ni zake. Nilimwambia ninaandika barua ndefu, naye hakuuliza ni ya nani.

Mambo ya kula vizuri, kufua shati na kujihadhari na watu wanaokuita ndugu kabla hawajakujua, sitayaandika. Una miaka kumi na minane na kichwa kigumu kama cha marehemu baba yako. Yale niliyotaka uyashike umekwisha kuyashika, na yale uliyoyakataa tangu utotoni hutayakubali leo eti kwa sababu unasafiri. Ninaandika kwa ajili ya mjomba wako Ntandu.

Kesho asubuhi lori la Singida litapita Issuna, na mchana utakuwa Manyoni ukingoja treni ya Dar es Salaam. Mjomba atakuja stesheni kukuona. Nilimtumia neno kupitia kwa dereva, kwamba mtoto wa dada yako anakwenda kusomea mitambo ya redio, na kwetu mtoto haendi mbali hivyo bila baraka ya mjomba wake. Alijibu kwa mdomo wa dereva yuleyule kwamba atakuwepo. Mimi hakuniletea salamu. Inakupasa ujue sababu, tena uijue kabla hujainama mbele yake kupokea baraka huku moyoni unamdharau. Maana unamdharau, Yosia, na aliyekufundisha kumdharau ni mimi.

Umekua ukisikia kijijini kwamba Ntandu ndiye aliyeiua redio ya baraza kwa ulevi na uzembe wake. Hakuiua yeye. Niliiua mimi, na kaka yangu akaondoka hapa na aibu yangu mgongoni. Mwaka wa nane sasa hajakanyaga kwenye ua wa mama yetu.

Basi nimelisema. Nilidhani mkono ungekufa ganzi, kumbe unaandika tu.

Wewe ulikuwa mdogo, lakini nadhani unaikumbuka redio ile. Serikali ililetea baraza letu sanduku la mbao lenye kioo cha namba, na spika iliyotundikwa juu ya mlingoti, na waya wa shaba uliovutwa kutoka mti mmoja hadi mwingine kama kamba ya kuanikia nguo. Wazee walikaa siku nzima kubishana nani aitunze. Mwisho wakampa mjomba wako, kwa kuwa katika vita vya Burma alikuwa mtu wa simu ya upepo, yaani alipeleka na kupokea habari za askari bila waya. Hakuwa amerudi na mali yoyote kutoka huko. Alirudi na koti la jeshi na ujuzi ule, na kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa ameuhitaji.

Ungemwona siku za mwanzo ungecheka. Kila jioni kabla ya kuiwasha alivaa lile koti, hata katika jua la Oktoba, akafunga vifungo vyote. Watoto alikuwa akiwasimamisha hatua kumi nyuma. Jumbe mwenyewe akitaka kugusa kile kitufe cha kutafutia stesheni, mjomba wako alimwambia kwa heshima zote kwamba mkono wa Jumbe una kazi kubwa zaidi. Sauti ilipotoka watu walinyamaza, na yeye alisimama kando na mikono nyuma kama mtu aliyemleta mgeni wa maana. Nilikuwa nikimtania kwamba anajivuna kama vile yeye ndiye anayesema. Alinijibu kwamba mtu wa mitambo akifanya kazi yake vizuri hakuna anayemkumbuka, na hiyo ndiyo sifa yake. Neno hilo nakupa bure, ingawa ninaona wewe utapenda kukumbukwa kidogo.

Redio ile ilikula betri za maji, unazijua kuliko mimi. Zilikuwa mbili. Moja ikiwa kazini, nyingine iko mjini Singida kwenye mashine ya kusaga, inatiwa moto wa umeme. Na kila Jumamosi mjomba wako alifungua vifuniko akaongeza maji, kwa kuwa yale ya ndani hupungua kwa joto. Siyo maji yoyote. Maji ya visima vyetu unayajua, ukiyachemshia chai unaweza kusahau kama umetia sukari au chumvi. Yalitakiwa maji ya mvuke, yaliyopikwa yakapanda kwenye mrija na kudondoka upya, hayana chumvi wala ladha wala chochote. Na maji hayo kijiji kizima yalipatikana mahali pamoja tu, hapa zahanati, kwenye jiko la nyuma, kwa mkono wangu.

Kazi ile ilikuwa ya kuchosha. Chupa moja kubwa ilichukua karibu siku nzima na mzigo wa kuni. Ule mtungi wa shaba na mrija wake ulifanana mno na mtambo wa gongo, mpaka wazee wawili walikuja kwa siri kuniuliza misheni inauza kwa kipimo gani. Chupa ya kwanza ilikuwa ya dawa za sindano, haikuguswa. Ya pili ilikuwa ya Ntandu. Aliichukua mwanzo wa mwezi, na kila alipoichukua aliniambia asante dada, kwa sauti ileile, kana kwamba nimempa kitu changu mwenyewe.

Sasa ninafika mahali pagumu, nawe usicheke. Au cheka, lakini ucheke kwenye treni.

Nilikuwa na mchumba. Baba yako alikuwa amekufa miaka minne, nami sikuwa bibi kizee. Alikuwa mwalimu, mtu wa Sepuka, mwenye baiskeli na saa ya mkononi. Jumamosi alikuja kusikiliza redio, na baada ya muda ikaonekana hata kwa vipofu kwamba hakuja kwa ajili ya redio. Mwezi ule alinitumia neno kwamba Jumamosi inayofuata atakuja na kaka yake mkubwa, anione. Nami nilikuwa na gauni moja jeupe. Wajua maji yetu yanavyofanya sabuni. Haitoi povu, inaganda kama maziwa yaliyoharibika, na nguo nyeupe ikifuliwa humo mwaka mmoja inapata rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Ilikuwa kiangazi, tone la mvua hatujaliona tangu Mei.

Ijumaa nilikuwa nimemaliza kupika chupa ya pili. Ilisimama hapo kwenye rafu, imejaa, maji safi kiasi kwamba ungedhani chupa ni tupu. Nilichukua kidogo tu, kikombe, nikasugua ukosi wa gauni. Povu likapanda mpaka kwenye kiwiko. Mwanangu, sijui kama mwanamume anaweza kuelewa furaha ile. Nikaongeza kikombe cha pili. Kisha nikaosha na nywele. Nilipozinduka, chupa ilikuwa na vidole viwili vya maji chini, gauni lilikuwa jeupe kama siku ya kushonwa, na jua lilikuwa linazama.

Kupika nyingine kungechukua siku nzima, na Jumamosi asubuhi Ntandu angekuja kuchukua ya kwake. Ningeweza kumwambia. Angenikemea, angenicheka, angengoja hadi Jumatatu, na betri zisingedhurika kwa siku mbili. Nimeifikiria Jumatatu ile mara nyingi sana. Lakini niliona haya kumwambia kaka yangu kwamba nimeogea maji ya serikali kwa ajili ya mwalimu wa Sepuka. Nikateremka kisimani, nikachota, nikachuja kwa kitambaa mara tatu, nikajaza chupa. Kwa macho yalikuwa sawa kabisa. Nilijiambia maji ni maji.

Asubuhi alikuja akaichukua. Akasema asante dada.

Jumamosi ile ilikuwa siku njema, siwezi kukudanganya. Mwalimu alikuja na kaka yake, gauni likafanya kazi yake, na redio iliimba kuliko siku zote. Nami nikaona kwamba yale ya Ntandu kuhusu maji yalikuwa mbwembwe za jeshi tu. Wiki ya pili ikaimba pia. Hilo ndilo nililojifunza kuhusu kazi unayoiendea, na nimejifunza bila kusoma kitabu chake. Makosa mengine hayapigi kelele siku unapoyafanya. Kama redio ingenyamaza Jumamosi ileile ningelia, ningesema, na yangeishia hapo. Ilinipa wiki tatu za kujiona mwerevu.

Wiki ya tatu sauti ikaanza kufifia kila jioni kabla ya habari kwisha. Ntandu akabadilisha betri, na hiyo ya pili nayo alikuwa ameiongeza maji ya chupa yangu. Akaipeleka ya kwanza Singida, ikarudi, ikakaa siku mbili, ikafa. Fundi wa mashine akasema haishiki moto tena. Mjomba wako hakulala siku hizo. Alipanda mlingotini, akafuta kila waya kwa majivu, akazitoa valvu, zile taa ndogo za ndani, moja moja na kuzirudisha, na watu wakaanza kusema kwamba pombe ya mtama imemwingia kichwani. Alikunywa, ndiyo, Jumapili baada ya kazi, kama kila mwanamume hapa. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa amelihesabu kuwa kosa.

Kulikuwa na Bibi Zena, yule aliyekaa karibu na kisima cha chini, ambaye mwanawe Rajabu alikwenda kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga akakaa miaka sita. Rajabu aliandika kwamba ametuma salamu redioni, na zitasomwa Jumamosi fulani alasiri, jina la mama yake na la kijiji. Karani wa baraza alimsomea barua ile mara nyingi mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Siku hiyo watu walitoka hata Issuna kuja kusikia kijiji chetu kikitajwa. Bibi Zena aliletewa kigoda mbele kabisa. Alivaa kanga mpya, na alikuwa amepiga mswaki kwa mti mpaka ufizi ukatoa damu, kama mtu anayekwenda kuonana na mwanawe uso kwa uso.

Ntandu akafunga vifungo vya koti, akawasha. Sauti ilitoka kidogo, mbali, ikataja salamu za watu wa Morogoro. Kisha ikawa mkwaruzo. Kisha ikanyamaza, na kile kitaa cha kioo kikazimika polepole. Alijaribu mpaka jasho likapenya koti. Hakuna aliyemzomea, na hilo lilikuwa baya zaidi. Baada ya muda mrefu Bibi Zena akauliza kama Rajabu amekwisha kusema. Mtu akamwambia bado, bibi. Akasema basi atasema kesho, akainuka, akajikung'uta vumbi, akaenda zake na kigoda chake.

Nataka uende na bibi huyo kwenye hayo mafunzo yako. Huko watakuonyesha mitambo mikubwa kama nyumba, na watakuambia ni ya nchi nzima. Sawa. Lakini mwisho wa upepo wote ule kuna mtu mmoja amekaa kwenye kigoda anangoja jina lake. Mimi nilimkosesha, na Rajabu hakuandika tena salamu, na bibi akafa mwaka uliofuata. Sijui kama walionana. Nikipita kisima cha chini mpaka leo natembea haraka.

Kesho yake baada ya ibada, kaka yangu alikuja hapa zahanati. Wewe ulikuwa mlangoni unacheza na vifuniko vya chupa. Alikwenda kwenye rafu, akachukua chupa ambayo alikuwa ameirudisha na maji kidogo yaliyobaki, akamimina kwenye kiganja, akayaonja. Kisha akanitazama, na akatazama gauni langu, kwa maana ilikuwa Jumapili nami nilikuwa nimelivaa.

"Maji haya yana chumvi, Rebeka," akasema.

"Sijui, kaka," nikamjibu.

Ni maneno mawili hayo, na ndiyo ya mwisho niliyomwambia ambayo yalikuwa na maana. Yeye aliiweka chupa mahali pake, kizibo akakifunga, akakupapasa kichwa akatoka.

Jumatatu baraza likaketi. Walimuuliza nani aliyetia maji kwenye betri. Akasema ni yeye mwenyewe, kila Jumamosi, na mtu mwingine hakuzigusa. Walimuuliza maji yalitoka wapi. Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake kwenye kivuli cha ukuta, hatua nne kutoka kwake. Ningesema wakati ule, Yosia. Nilikuwa nimefungua mdomo, nakuapia. Akasema:

"Maji niliyatia mimi. Kosa ni langu."

Hakugeuka kunitazama. Alijua ningefukuzwa zahanati, na kwamba mjane mwenye mtoto mmoja akifukuzwa misheni kwa wizi, hata wa maji, hana pa kwenda. Alikuwa amenipimia yote hayo tangu jana yake, akiwa na chumvi ile bado mdomoni. Nami niliufunga mdomo. Wakamvua kazi. Karani akaongeza neno juu ya ulevi, likaandikwa. Siku ya tatu Ntandu alipanda lori kwenda Manyoni, akapata kazi relini, akabaki huko. Koti la jeshi aliliacha, ndilo lile ulilolikata ukashonea mfuko wa vifaa vyako, nami nikakuacha ulikate.

Mwalimu wa Sepuka? Alioa msichana wa Mandewa ambaye, nadhani, alikuwa mweupe wa moyo bila msaada wa maji ya mvuke. Simlaumu. Nilianza kuwa mtu mkali kipindi kile, na hakuna mwanamume anayetaka kuoa pilipili.

Ungedhani ubaya wangu uliishia hapo. Nami ningependa uishie hapo, barua ingekuwa fupi. Lakini uongo ukishakaa ndani ya nyumba unataka kulishwa. Unakumbuka ulipokuwa na miaka kumi na mbili, ukaifungua gramafoni ya mchungaji, ile ya kuzungusha kwa mkono, ukairudisha ikawa inaimba zaburi kwa mbio kama mbuzi aliyeona fisi? Mchungaji alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Nilikushika sikio nikakuambia ukiendelea hivi utakuwa kama mjomba wako, mharibifu wa vitu vya watu. Nilikuona ukilimeza neno lile. Tangu siku hiyo hukuuliza habari zake tena, wewe uliyekuwa ukiniuliza kila lori likipita. Katika makosa yangu yote hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa la chupa nililifanya kwa haya, na la baraza kwa hofu, lakini lile nililifanya nikiwa nimeketi salama, na nikalirudia.

Kisha mwaka juzi ukapewa lile sanduku bovu la redio uchezee, na betri zake. Ulizifungua hapa nyuma ya jiko. Ulinionyesha vile vibao vya risasi vilivyoliwa vikabaki kama jani lililoshambuliwa na viwavi, na ukanieleza, mimi, kwa uvumilivu kabisa, kwamba hii ni kazi ya maji ya chumvi. Ukasema, mama, mjomba hakuwa fundi, fundi hawezi kutia maji ya kisima. Nikasema labda. Nikaenda kupepeta mtama ambao ulikuwa umekwisha kupepetwa.

Hapa zahanati kila wiki anakuja mwanamke anayeumwa mahali anapoona haya kupataja. Anazunguka, anasema kichwa, anasema mgongo. Nami namwambia, kwa sauti ya mtu mwenye hekima, mficha uchi hazai. Nimelisema neno hilo kwa wanawake mia, na mimi mwenyewe nimeketi juu ya uchi wangu miaka minane.

Sikuambii usikosee. Utakosea, tena wewe una haraka ya mikono, utaunguza kitu cha watu kabla ya Krismasi. Ninakuomba tu usiwe na gauni jeupe, yaani usipende kuonekana safi kuliko unavyopenda kuwa na ndugu. Ukiunguza, sema siku hiyohiyo, na harufu bado iko chumbani. Watakugombeza na utalala. Mimi sijalala vizuri tangu ulipokuwa na miaka kumi.

Nilipoanza barua hii nilikuwa na mpango, na ngoja nikuambie jinsi ulivyokuwa, uone mama yako alivyo mjanja. Nilitaka kukukabidhi karatasi hizi kesho mguu wako ukiwa juu ya lori. Ungezisoma njiani. Ungefika Manyoni unajua yote, ungemwangukia mjomba wako, ungemwambia mama ameandika hivi na hivi, na anaomba urudi nyumbani. Yeye angelia au asingelia, ungeniletea habari kwa barua, nami ningekuwa hapa kwenye meza yangu, nimeungama bila kuonana na mtu.

Nimeandika mpaka hapa ndipo nikauona mpango huo vizuri. Ni baraza lilelile. Ni mimi tena nimeketi kwenye kivuli cha ukuta, na mtu wangu mwingine amesimama mbele anasema. Mara ya kwanza ilikuwa kaka, sasa mwanangu. Hapana. Kaka yangu ameonja chumvi ile akajua, na kwa miaka minane hakumwambia mtu. Hangoji kuambiwa habari, anazo. Anangoja mimi niseme, na hilo huwezi kunisemea, hata ungekuwa na mitambo yote ya Dar es Salaam.

Ninaogopa, mwanangu. Naogopa atanipa mkono kama mtu anayempa mkono abiria. Naogopa zaidi kwamba hatanikaripia hata kidogo, ataniuliza tu kama mvua imenyesha. Naogopa na uso wako, jinsi utakavyonitazama ukimaliza ukurasa huu, maana nimezoea kutazamwa na wewe kama mtu mwema, na sijui kama nitazoea kitu kingine. Lakini nakupenda kuliko ninavyopenda kutazamwa vizuri. Hilo nimelijua leo mchana, nikiandika, na limenishangaza.

Kwa hiyo karatasi hizi hutazipata kesho. Nitakupa leo jioni, ukishanawa na kula, uzisome mbele yangu, ili asubuhi nisipate pa kurudia nyuma. Sista akirudi kutoka kwenye maombi nitamwambia na yeye, ya chupa na ya gauni, kisha nitamwomba ruhusa ya siku mbili. Akininyima kazi, sawa, mikono ninayo.

Dereva wa lori anapenda kujua watu wake mapema, ili ajue atawapanga vipi na magunia. Ukimwona asubuhi mwambie tuko wawili.

Ni mimi mama yako,
Rebeka